Msuko wa Sauti

Kumfundisha mtoto kuimba si kazi kubwa. Mtoto wa kwetu huja shuleni akiwa na nyimbo nyingi kuliko herufi. Amezipata mgongoni kwa mama yake, kisimani, shambani, harusini na matangani, naye huziimba bila ya kubembelezwa. Kazi kubwa ni kumfundisha kusikia kile anachokiimba pamoja na wenzake. Maana aimbaye katika kundi aghalabu husikia moja kati ya mambo mawili, ama sauti yake mwenyewe, ama kelele ya wote, na kati ya mambo hayo mna nchi nzima asiyoijua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kilifi. Katika masomo yote niliyokabidhiwa hapana lililonishughulisha akili kama sehemu moja ndogo ya somo la muziki, ambayo katika kitabu nilichokitumia haikujaza hata ukurasa mmoja. Sehemu hiyo yahusu namna sauti zinavyokaa pamoja ndani ya wimbo: kama ni moja au nyingi, kama zafuata njia moja au njia mbalimbali, kama zimesongamana au zimeachiana nafasi. Waingereza wana neno lao kwa jambo hilo, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma. Sikutaka kulitohoa. Mtoto wa miaka kumi akipewa neno lisilo na picha atalikariri leo na kulisahau kesho. Nikalichagua neno msuko.

Nalipenda neno hilo kwa kuwa laonekana kwa macho na kushikika kwa mikono. Kwetu mkeka haufumwi wote kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba wa miyaa, kisha ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Siku ya somo la kwanza nilimwomba bibi mmoja mzee, jirani wa shule, aje na ukili wake ambao haujamalizika. Watoto walimwamkia, "Shikamoo nyanya," akawaitikia, akaketi chini ya mwembe, akaendelea na kazi yake kana kwamba hapakuwa na mtu. Niliwaambia watoto waitazame mikono yake na kuihesabu miyaa. Wengine walisema minane, wengine kumi, wengine walikata tamaa, kwa maana kila jani lililokuwa juu mara lilipita chini, na lililokuwa kushoto mara lilikwenda kulia. Mtoto mmoja akamwuliza, "Nyanya, wewe waihesabuje?"

Akajibu bila ya kuinua macho, "Siihesabu, mjukuu wangu. Naifuata mmoja mmoja."

Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku ile, nikitaka watoto wausikilize wimbo, huwaambia wachague uzi mmoja na kuufuata mpaka mwisho, kisha warudi wauchague mwingine.

Tulianza na sauti moja. Msichana mmoja aliimba wimbo wa kutwanga aliousikia kwa mama yake. Kisha darasa zima, watoto 43, likauimba wimbo ule ule kwa pamoja. Nikauliza msuko ule una nyuzi ngapi. Ukazuka ubishi. Waliokaa mbele walisema 43, kwa kuwa hivyo ndivyo vinywa walivyovihesabu. Waliokaa nyuma walisema mmoja, kwa kuwa wimbo ulikuwa mmoja. Sikuwaamulia. Nikawataka wavulana waimbe peke yao, halafu wasichana peke yao, halafu wote. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akasimama akasema, "Mwalimu, ni kamba moja nene. Ndani yake mna nyuzi nyingi, lakini yavuta mahali pamoja." Wataalamu husema jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi. Wingi wa waimbaji si wingi wa njia za sauti. Watu elfu wakiimba sauti moja kwa wakati mmoja, msuko wao bado ni mmoja, hata kama wanaume wanaiimba chini na wanawake wanaiimba juu. Kamba imenenepa, lakini haijawa mbili.

Mgeni mmoja aliyekuja kutazama masomo aliniuliza kwa upole kwa nini natumia kipindi kizima cha dakika 35 kuwafundisha watoto jambo walilozaliwa nalo. Watoto hawa, alisema, wanaitikiana vizuri kuliko kwaya nyingi za mjini. Wana haja gani ya kujua jina la wanachokifanya, na hesabu zao zangoja? Swali lake halikuwa la kipuuzi. Nilimjibu kwa kumwalika aje wiki ya pili, nilipowafundisha wimbo wa kufukuzana.

Wimbo wa kufukuzana ni wimbo mmoja uimbwao na makundi mawili yasiyoanza pamoja. Kundi la kwanza huanza; likifika mwisho wa mstari wa kwanza, kundi la pili nalo huanza tangu mwanzo, hata mstari wa pili ukawa juu ya mstari wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Ni wimbo ujisukao wenyewe, na si kila wimbo waweza kufanya hivyo. Sharti umetungwa hivi kwamba mistari yake ikikutana isichukizane. Watoto wa kundi la pili walifanya jambo ambalo kila mwalimu wa muziki amepata kuliona. Waliziba masikio kwa vidole, wakafumba macho, wakaimba kwa nguvu zao zote wasije wakapotea. Na kweli hawakupotea. Walimaliza salama, walakini kila mmoja alimaliza peke yake, kama mtu aliyevuka mto wenye mamba bila ya kuutazama.

Nikawaambia watoe vidole masikioni. Walipovitoa, kundi la pili lilivutwa na la kwanza, katikati ya mstari wa pili wote wakawa wanaimba kitu kimoja, na wimbo ukaanguka. Walicheka. Tukarudia, ukaanguka tena, na safari hii hawakucheka sana. Ilituchukua siku nne. Siku ya tano makundi yote mawili yalifika mwisho macho wazi na masikio wazi, kundi la kwanza likanyamaza, la pili likamaliza mstari wake peke yake kama mtu afungaye mlango baada ya wageni kutoka. Mgeni wangu alikuwa amesimama dirishani. Kushika lako na huku unalisikia la mwenzako, hilo hawakuzaliwa nalo. Walijifunza mbele ya macho yake. Hakusema kitu juu ya hesabu.

Nyimbo za kuitikiana, kinyume chake, hazikumhitaji mwalimu. Mimi ndiye niliyejifunza. Ninyi msomao fasihi simulizi katika shule za sekondari mmefundishwa kuzigawa nyimbo kwa kazi zake: bembelezi kwa mtoto mchanga, hodiya kwa kazi, wawe kwa kilimo, kimai kwa bahari. Mgawanyo huo ni mwema, lakini una hasara moja ambayo haitajwi. Wimbo ukiandikwa kitabuni hubaki maneno. Msomaji huona neno "Kiongozi," kisha neno "Wote," akadhani ni watu wanaorushiana mpira: huyu akiwa nao, yule hana. Keti na wanawake wanaopalilia, usikilize. Kiongozi hodari hangoji waitikiaji wamalize. Huingia wao wakiwa katika silabi ya mwisho, wao nao humpokea kabla hajashusha pumzi, na katika upenyo ule mdogo mna nyimbo mbili hewani kwa wakati mmoja. Kingo zimepandana kama kingo za ukili zinaposhonwa. Watoto wangu walifanya hivyo bila ya kuambiwa. Nilipowataka waache, kila upande ungoje mwenzake amalize kabisa, wimbo ulipoa kama chai iliyosahauliwa. Wakaniomba warudi kwenye desturi yao, nami niliwaruhusu. Laiti vitabu vyetu vya fasihi vingekuwa na alama ya kuonyesha upenyo ule, mwanafunzi asingedhani kwamba nyimbo za wazee wake ni mashairi mafupi yenye kurudiarudia.

Ama ngoma, hapo msuko huwa mgumu na watoto huzidi kufurahi. Shule yetu ina kayamba mbili, chapuo moja, msondo mmoja uliopasuka ukingo, na upatu. Kayamba, kwa asiyeijua, ni matete membamba yaliyofungwa tabaka mbili bapa kama ubao, na katikati mna mbegu ngumu. Ikitikiswa hulia kama mvua juu ya makuti. Kila ala niliipa mdundo wake, mfupi, wa kurudiwa bila ya kubadilika. Ukiusikiliza peke yake, kila mdundo ulikuwa wa kuchosha. Uliochosha zaidi ni wa upatu: mapigo matatu, kisha nafasi, mapigo matatu, kisha nafasi. Hapana aliyeutaka.

Nikampa msichana mmoja ambaye alipata kuambiwa, kabla hajafika kwetu, kwamba hana sauti. Neno hilo watu wazima hulisema kwa wepesi na mtoto hulibeba kwa miaka. Yeye wakati wa kuimba alikuwa akifungua kinywa na kukifunga pamoja na wenzake, bila ya kutoa kitu. Aliupokea upatu, akapiga matatu, akangoja. Akapiga matatu, akangoja. Ngoma nyingine zikaingia moja baada ya nyingine. Baada ya dakika chache nikaanzisha mchezo niupendao. Wasikilizaji hufumba macho. Mimi hupita nyuma ya wapigaji na kumgusa mmoja bega, naye hunyamaza. Wasikilizaji waseme ni nani aliyetoka. Nilipomgusa wa kayamba walimtambua mara moja. Nilipomgusa wa msondo hata aliyekuwa akisinzia alijua. Nilipomgusa yule wa upatu hapana aliyesema kitu. Lakini mara ngoma zenyewe zikaanza kuyumba. Chapuo ikakimbia, msondo ukabaki nyuma, kayamba hazikujua zimfuate nani. Mtoto mmoja akasema macho yamefumbwa, "Mwalimu, kuna kitu kimeondoka lakini sikijui." Wapigaji ndio waliokijua. Yule wa chapuo aligeuka akamkaripia msichana, "Mbona umetuacha?"

Sijapata kumwona mtoto akifurahi kwa kukaripiwa kama alivyofurahi yule. Sitasema kwamba tangu siku ile alianza kuimba. Haimbi hata leo. Lakini haigizi tena kuimba, na upatu hapana awezaye kumnyang'anya.

Katika darasa letu alikuwamo mvulana ambaye baba yake, askari polisi, alihamishwa kutoka upande wa Ziwa Victoria. Yeye ndiye aliyetutoa nje ya pwani. Siku moja aliniambia kwamba babu yake hufanya peke yake kazi tunayoifanya sisi watu sita. Wenziwe wakamcheka. Nikawaonyesha katika simu yangu mpiga nyatiti wa Kijaluo, wakaacha kucheka. Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji huketi chini karibu na sakafu, ala imelala mbele yake, mikono miwili yapiga nyuzi. Katika kidole gumba cha mguu wake wa kulia mna pete ya chuma agongeayo mwili wa ala, na mguuni amevaa njuga. Juu ya hayo yote huimba. Tulihesabu: sauti, nyuzi, pete, njuga. Kisha mtoto mmoja akasema kwamba nyuzi zenyewe si jambo moja, maana mkono wa kulia wasema hili na wa kushoto wajibu lile. Tukahesabu upya, tukafika tano, na mjukuu wa mpiga nyatiti akaketi akiwa mrefu kuliko alivyosimama.

Tulisikiliza na nyingine. Tulisikia nyimbo za Wamasai, ambazo hazina ngoma hata moja, na ambazo kiongozi, aitwaye olaranyani, huimba juu wakati wenzake wanatoa mivumo mifupi ya kooni kwa kupokezana, hata kifua cha mtu kikawa ndiyo ngoma. Tulisikia Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Lakini iliyowashinda watoto kuihesabu ilikuwa jirani yetu kabisa, nayo ni taarabu.

Niliwasikilizisha taarabu ya zamani yenye udi, ganuni, fidla na akodioni, ya namna ile ambayo Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja imekuwa ikiipiga tangu ilipoanzishwa mwaka 1905. Kwa masikio ya mtoto pale mna nyuzi nyingi mno. Walisema nne, walisema sita. Nikawaambia wafanye kama nyanya: wafuate mmoja mmoja. Waliofuata fidla waliivumisha sauti yake, waliofuata ganuni wakaivumisha yao, kisha nikawataka wavumishe pamoja. Wakastaajabu kuona kwamba wote walikuwa na njia moja. Fidla iliteleza mahali ambapo ganuni ilidondoa, udi uliacha noti ambayo akodioni iliirefusha, kila chombo kilitia nakshi yake, lakini wote walikuwa wakisafiri barabara moja. Si kamba moja nene ya mtoto wa mvuvi, kwa kuwa hawaendi hatua kwa hatua. Wala si nyuzi mbalimbali, kwa kuwa hapana mwenye wimbo wake. Ni kama ndugu wanaosimulia kisa kimoja kwa wakati mmoja. Mimi naona huu ndio msuko mzuri kuliko yote, ijapokuwa najua pia kwamba nimezaliwa pwani na hukumu yangu ina harufu ya asumini.

Baada ya hapo ndipo tulipofika kwenye sauti nne. Namna hii ya kuimba, ambayo sauti ya kwanza hushika wimbo na ya pili, ya tatu na ya nne huusindikiza kwa chini, hatua kwa hatua na neno kwa neno, iliingia kwetu pamoja na tenzi za wamisionari, ambao walianzisha kituo cha Rabai mwaka 1846 na kijiji cha Frere Town mwaka 1875. Ni msuko wenye fahari. Kwaya iliyoufundishwa vyema hukujaza kifua hata ukasahau kupumua. Nami huufundisha kwa moyo mkunjufu. Ninachokikataa ni ile imani iliyotambaa mashuleni kwamba huo ndio muziki uliokomaa, na kwamba wimbo wa sauti moja ni mtoto wake ambaye hajakua.

Kuna wimbo mmoja ambao kila mtoto wa Kenya huuimba, nao watosha kuijibu imani hiyo. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa, nayo ikaijenga sauti yake juu ya bembelezi la Wapokomo, watu wa Mto Tana, majirani zetu wa kaskazini. Wimbo wa mama mmoja wa kumlaza mtoto mmoja ukawa wimbo wa kuwasimamisha watu wote. Nilimwomba msichana mmoja aivumishe sauti ya wimbo wa taifa bila ya maneno, polepole, huku akibembeleza kanga iliyokunjwa kama kitoto. Darasa lilianza kucheka, kisha likanyamaza. Mvulana mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Mwalimu, tusimame?"

Nilimwambia aketi, kwa maana mtoto alikuwa karibu kulala. Kisha tukasimama wote, tukauimba kama tuuimbavyo bendera ikipandishwa, wavulana wakubwa wakishika sauti ya pili chini. Sauti ni ile ile. Hapana noti iliyoongezwa katika njia yake. Kilichobadilika ni wangapi walioishika na nini kilichowekwa chini yake, na kwa hayo mawili bembelezi limekuwa kiapo. Niliwauliza ni upi mzuri kuliko mwenzake. Msichana mwenye kanga akajibu kwamba inategemea kama wataka mtu alale au aamke.

Jibu lake lilipata kujaribiwa mapema kuliko nilivyotazamia. Mwaka ule shule yetu iliamua kupeleka wimbo katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake yaanzia mwaka 1927 na ambalo huanzia ngazi za chini kabisa kabla ya kufika ya taifa. Watoto walichagua wimbo wa kilimo wa Kigiriama, wimbo wa watu wangojao mvua. Mmoja wa waliopewa kazi ya kutusaidia katika matayarisho, mtu mwema na mwenye elimu, aliusikiliza mara moja akasema ni mwembamba. Waamuzi, alisema, hupenda kusikia sauti nne, utieni nyama. Sikutaka kubishana naye mbele ya watoto. Nikawaambia waujaribu ushauri wake kwa wiki moja, sauti ya pili na ya tatu tangu mwanzo hata mwisho, kisha waamue wenyewe.

Siku ya tatu mtoto mmoja alikuja na habari kutoka nyumbani. Alikuwa akifanya mazoezi akiosha vyombo, na bibi yake akamwuliza ni wimbo gani ule wenye maneno ya mgeni. Maneno yalikuwa yale yale. Lakini Kigiriama, kama lugha nyingi za Kenya, hupandisha na kushusha silabi zake, na kupanda na kushuka huko ni sehemu ya neno kama herufi zilivyo. Sauti ya wimbo wa wazee ilikuwa imetungwa ikiufuata mwendo wa maneno. Sauti ya pili tuliyoitia haikuyafuata maneno. Iliufuata ulinganifu wa noti. Mahali neno liliposhuka, yenyewe ilipanda, na sikio la bibi likakwama. Kiswahili chetu, ambacho huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho na hakina mpando wa namna ile, husamehe mambo kama hayo. Kigiriama hakikusamehe.

Watoto wakaketi chini ya mwembe kuupanga wimbo upya, nami nilikaa mbali kidogo na kujifanya nasahihisha madaftari. Sijapata kusikia baraza la wazee lililobishana kwa makini zaidi. Waliafikiana kwamba waanze na sauti moja bila ya ngoma, kwa kuwa angojaye mvua yu peke yake hata akiwa na majirani. Kisha waitikiaji, kwa upenyo wao. Kisha kayamba, kwa kuwa ni mvua ya mbali. Kisha chapuo, msondo na sauti ya pili mahali pawili tu ambapo maneno yaliiruhusu. Na kabla ya mwisho vyote vinyamaze kwa ghafula ubaki upatu peke yake, mapigo matatu na nafasi, mapigo matatu na nafasi, mara nne, kabla ya sauti moja kurudi. Wazo hilo la mwisho lilitoka kwa mwenye upatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu walipoketi.

Tuliuimba hivyo. Hatukupita. Katika karatasi ya maksi tuliyopewa palikuwa na maneno ya sifa juu ya mwanzo wetu na juu ya kayamba, na palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba karibu na mwisho msuko ulikuwa mwembamba mno na wimbo ulionekana kama umekatika. Nilisoma karatasi ile kwa sauti garini tukirudi, kwa maana ilikuwa yao kuliko yangu. Walinyamaza mpaka tukavuka daraja. Kisha mtoto wa mvuvi akasema kwamba kamba haikukatika, ililegezwa tu. Mwenzake akasema kwamba ukilegeza kamba mbele ya mtu asiyejua utaivuta tena, atadhani imekatika, kwa hiyo yule mwamuzi hakukosea. Mwingine akauliza kama zile nafasi kati ya mapigo ya upatu nazo ni uzi au si kitu. Hapo gari zima likagawanyika. Mjukuu wa mpiga nyatiti alisema nafasi si uzi, kwa kuwa hapana anayeipiga. Mwenye upatu akasema yeye huipiga, kwa kuwa huihesabu; na kama asingeihesabu, wao wangeingia wapi?

Dereva, ambaye nilidhani hasikilizi, alisema kwamba yeye yu upande wa msichana.

Hatukumaliza shauri lile. Wamekubaliana kwamba muhula ujao watauimba wimbo kwa namna mbili mbele ya wazazi, mara moja kwa nafasi zile na mara moja kwa kayamba zikijaza, na wasikilizaji hawataambiwa kitu. Nimemwomba na yule bibi wa ukili aje. Tayari wamekwisha kugombania nani ataketi nyuma yake ili asikie atakalolisema.